Zawadi ya wiski: Glenfiddich 15, Lagavulin 16 au Maker's Mark?

Mwanagenzi: Wakuu, heshima kwenu. Nataka kununua chupa moja ya wiski ya kumpa mtu zawadi. Nimechuja nikabaki na tatu: Glenfiddich 15, Lagavulin 16 na Maker's Mark. Nanunua Ijumaa. Nichukue ipi?

Kizibo: Mkuu, umetutajia chupa, mtu hujamtaja. Ni nani? Mzee, kijana, bosi, mkwe? Huwa anakunywa nini? Hizo tatu hazina undugu. Glenfiddich ni ya Speyside, huko Uskoti, laini, ina matunda na asali. Lagavulin nayo ni ya Uskoti, inatoka kisiwa cha Islay, shayiri yake hukaushwa kwa moshi wa mboji (udongo wa mimea iliyooza kinamasini, huchomwa kama kuni), ukiifungua hata aliye chumba cha pili anajua. Maker's Mark ni bourbon, wiski ya Kimarekani, kutoka Kentucky, mahindi mengi na ngano, ladha ya vanila na karameli.

Tumaini_B: Na bajeti je? Mtu hawezi kukushauri hewani.

Bahari7: Lagavulin, wala usijiulize mara mbili. Asilimia 43, miaka 16 kwenye pipa, moshi unaokaa kinywani hadi unapanda kitandani. Zawadi lazima ikumbukwe. Hizo nyingine mtu anazisahau kabla chupa haijaisha.

Kizibo: Bahari7, wewe kila uzi ni Islay. Mtu asiyezoea moshi ule anasema kanywa dawa ya kidonda. Atakumbuka kweli, ila si kwa wema.

Mwanagenzi: Samahani wakuu, nilikuwa kazini. Ni mzee aliyenifundisha kazi tangu naanza, sasa anastaafu. Bajeti inatosha yoyote kati ya hizo tatu, zaidi ya hapo sifiki. Anakunywa wiski, hilo najua, ila aina gani sijui.

Shoga_wa_Pipa: Kwa mtu usiyejua ladha yake, Glenfiddich 15. Ile hupitishwa kwenye pipa kubwa la solera ambalo hawalimalizi kamwe, daima hubaki nusu au zaidi, kisha wanaongezea mpya juu ya kongwe. Ndiyo maana ladha yake haiyumbi. Mnywaji mkongwe ataiheshimu, na anayeanza haitamtisha.

Jemedari: Na zile blendi, wiski za viwanda mbalimbali zilizochanganywa, mmezisahau? Watu wakisikia singo molti, yaani wiski ya shayiri ya kiwanda kimoja, wanadhani kila blendi ni takataka. Johnnie Walker Black ni ya miaka 12 na moshi kidogo imo. Kama mzee ni wa kizazi kile, huenda ndiyo anayoipenda.

Bahari7: Black anaweza kujinunulia mwenyewe, Jemedari. Zawadi ni kitu ambacho mtu asingejinunulia.

Jemedari: Zawadi ni kitu ambacho mtu atakinywa. Chupa ngapi ziko makabatini zimejaa vumbi kwa sababu mtoaji alitaka kuonekana anajua?

Upendo_K: Wadau, kabla hamjaendelea na majina, nimwambie mleta mada jambo moja: aangalie anaponunua. Ndugu zangu na mimi tulichanga tumnunulie mjomba wetu chupa ya maana, singo molti, ndani ya boksi lake zuri. Duka lilikuwa kubwa, taa kila kona, muuzaji anaongea kama profesa. Siku ya shughuli mjomba akaifungua mbele ya wageni wote. Kifuniko kikazunguka chote bila ule mlio wa kukatika. Akamimina, akanusa, akanyamaza. Kaka yangu akaonja: spiriti kali yenye rangi, nyuma yake utamu wa sukari iliyoungua. Mjomba ni mtu wa adabu, akashukuru, akaweka glasi chini, hakuigusa tena usiku ule. Sisi tulitamani ardhi ipasuke. Tuliporudi dukani wakasema chupa ikishafunguliwa hairudishwi. Lakini utajuaje ni bandia bila kuifungua? Risiti tulikuwa nayo na haikutusaidia kitu. Kwa hiyo kagua muhuri wa kifuniko, kagua stempu ya kodi, tazama lebo kama imebandikwa imenyooka, linganisha ujazo shingoni na chupa ya jirani yake. Na ukimaliza chupa nyumbani, chana lebo na boksi lake. Hizo tupu ndizo zinazojazwa upya.

Tumaini_B: Pole sana dada. Mimi boksi naligawa kwa watoto wachezee, sikujua nalo linatafutwa.

Mzuka_wa_Jioni: Naomba kuuliza pembeni. Baba yangu ana chupa ya miaka 12 ameitunza tangu niko shule ya msingi. Sasa si imeshafika thelathini na kitu?

Kizibo: Hapana, mkuu. Wiski hukomaa ndani ya pipa la mwaloni tu. Ikiingia kwenye kioo, umri umesimama. Ile ya baba ni ya miaka 12 hadi mwisho wa dunia. Na namba hiyo ni umri wa ile changa kuliko zote ndani ya chupa. Humo kunaweza kuwa na za miaka 20 na hawaziandiki.

Shoga_wa_Pipa: Na mwambie baba aisimamishe, asiilaze kama mvinyo. Kilevi kikali kinakula kizibo.

Bahari7: Halafu umri si kila kitu. Uskoti hupotea kama asilimia 2 kwa mwaka kwa uvukizi, wenyewe wanaita fungu la malaika. Kwenye joto hupotea zaidi na mti unafanya kazi haraka. Onjeni Kavalan ya Taiwan au Amrut ya India, changa lakini zimeiva.

Jemedari: Tumeanza safari ya dunia. Mwenzenu ananunua Ijumaa.

Mwanagenzi: Nimempigia mke wake, nimemwomba asimwambie. Jina la wiski anayokunywa mzee halikumbuki. Anasema ni chupa ya kijani.

Shoga_wa_Pipa: Glenfiddich hiyo! Ile ya miaka 12 ni ya kijani. Basi 15 ndiyo hatua inayofuata, umepata jibu.

Jemedari: Jameson nayo ni ya kijani. Kama ni mtu wa wiski za Ayalandi, mpelekee Redbreast 12, nayo ni ya huko, achana na hizo tatu zote.

Bahari7: Laphroaig ni ya kijani. Ardbeg ni ya kijani. Nilisema.

Kizibo: Mkuu, mwulize mama kitu kimoja tu: chupa ni ya duara au ina pembe tatu? Glenfiddich ina pembe tatu. Ikiwa ya duara, mwambie aipige picha lebo.

Mwanagenzi: Ameshasafiri, anarudi Jumamosi.

Upendo_K: Basi sogeza ununuzi, kuliko kubahatisha. Kuaga kwenyewe ni lini?

Mzuka_wa_Jioni: Wakati tunasubiri: hizi singo molti mnaweka barafu au maji?

Bahari7: Matone machache ya maji, harufu inafunguka. Barafu inaiziba.

Jemedari: Mzee akitaka barafu aweke barafu. Mimi naweka na soda.