Naomba ushauri: namna ya kuwafundisha madaktari wapya kitengo cha dharura

Habari za jioni wakuu. Mimi ni daktari katika hospitali moja mkoani Mtwara, na nimekabidhiwa madaktari wa intani wanaopita kitengo cha dharura. Vichwani wako vizuri sana. Shida ni pale mgonjwa anapoingia anakoroma, hana fahamu, na daktari anaanza kuwauliza ndugu historia kabla hajafungua njia ya hewa.

Nawafundisha ule mpangilio wa ABCDE: njia ya hewa, upumuaji, mzunguko wa damu, fahamu, kisha kumfunua mgonjwa na kumkagua mwili mzima. Darasani wanautaja bila kukosea. Usiku wakiletwa kwa pamoja majeruhi wa bodaboda, mtoto mwenye degedege na mkulima aliyeumwa na nyoka kwenye mikorosho, mpangilio unapotea. Hapo hata kupima sukari husahaulika, na kumbe degedege la yule mtoto huenda linatokana na sukari kushuka.

Nawaza tufanye mazoezi ya dakika kumi kila zamu inapoanza, mmoja akijifanya mgonjwa, kwa kuwa mdoli wa mazoezi hatuna. Nataka na wauguzi wazoefu washiriki, maana wao ndio humpokea mgonjwa, ila baadhi ya vijana hawapendi kuelekezwa na nesi. Hili linaniumiza.

Mliowahi kusimamia intani, mliwaachia lini waongoze wenyewe? Na mnamrekebishaje kijana mbele ya mgonjwa bila kumvunja moyo? Wauguzi pia naomba mchangie.