Wakaguzi wapya wa madini ya risasi majumbani: niwafundishe nini zaidi ya mashine?

BintiUvira: Wakuu, habari za humu. Niko Marekani, jimbo la New York, nafanya kazi za afya ya jamii. Huku mtoto akipimwa damu akakutwa na madini ya risasi, mkaguzi hutumwa nyumbani kutafuta yalikotoka. Nyumba nyingi ni kuukuu, zina rangi ya risasi iliyopigwa marufuku mwaka 1978, na ndizo wanazopanga wakimbizi wengi wa Kongo.

Tumepata wakaguzi wapya, nami nimepewa kuwanoa upande wa familia zetu. Kozi ya lazima wameshamaliza, saa 24 za ukaguzi na 16 za kutathmini hatari. Rangi wanaijua, na mashine ya kuipima pia. Ila wakitoka kwa mama wa Kikongo fomu imejaa "hapana" juu mpaka chini. Dawa za kienyeji? Hapana. Vipodozi? Hapana. Siamini hata kidogo. Nimepewa nusu siku tu. Nianzie wapi?

FundiRangi: Anza na dirisha, dada, mengine baadaye. Haya madirisha ya kupandisha na kushusha yanasagana kila yakifunguliwa, vumbi linaanguka kwenye kizingiti, na mtoto anayejifunza kusimama anashika hapohapo kisha mkono mdomoni. Kule Manchester, New Hampshire, mwaka 2004 walifuatilia watoto wakimbizi kutoka Afrika: wapo waliopimwa walipofika wakawa salama, miezi kadhaa baadaye damu ikapanda. Risasi waliikuta hukuhuku. Mafunzo yakigeuka kupekua jiko la mama, mwenye nyumba atashangilia, maana lawama itamhamia mama.

Kijana_wa_Kariakoo: Samahani, "juu" ni kuanzia ngapi?

BintiUvira: Kwa CDC, taasisi ya afya ya taifa huku, ni mikrogramu 3.5 kwa desilita ya damu, tangu 2021. Ikitoka damu ya kidole inarudiwa ya mshipa, maana kidole chenye vumbi kinadanganya.

MamaShukuru: FundiRangi yuko sahihi lakini nusu. Mimi ni mkalimani, hizo "hapana" nimezitafsiri sana. Ukisema vipodozi mama anafikiria rangi ya mdomo. Uliza: mtoto mnampaka wanja? Ukisema dawa za kienyeji anahisi anashtakiwa uchawi. Uliza: akiumwa tumbo unampa nini? Na udongo! Wajawazito wetu wanakula udongo, unauzwa mpaka kwenye maduka ya Kiafrika ya huku, na mwingine una risasi. Hakuna mama atakayelisema hilo mbele ya mkalimani mwanaume. Halafu sufuria zilizosubuliwa kwa vyuma chakavu, mkaguzi aombe aonyeshwe jikoni, asisome fomu sebuleni. Na tafadhali, mtoto wa darasa la sita asifanywe mkalimani wa habari za damu ya mdogo wake. Mkalimani wa bure ni haki yao.

Mvita01: Kazi ya baba pia. Sisi Mombasa tuna Owino Uhuru, kiwanda cha kuyeyusha risasi ya betri kuukuu jirani kabisa na nyumba za watu, kikafungwa 2014. Mahakama iliamua wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 mwaka 2020, na rufaa zikafuata. Anayeshika betri au kukwangua rangi anarudi na vumbi kwenye nguo na viatu.

Mzee_Mstaafu: Nimefanya ukaguzi huo miaka mingi. Mnasahau hofu kubwa ya mama: "mkiandika hivi, mwenye nyumba atatufukuza?" Mkaguzi awe na jibu la sheria ya mji wake kabla hajabisha hodi, siyo "nitauliza ofisini". Asiondoke pia bila kuacha kitu cha kufanya leo: kitanda kisogezwe mbali na dirisha, vumbi lipanguswe kwa kitambaa kibichi, ufagio mkavu ukae pembeni. Na nusu siku haitoshi. Mwombe bosi wako uende nao nyumba za mwanzo, mkishatoka mkae garini mjadili kilichosemwa na kilichokwepwa. Mkaguzi mpya akikuta mtoto hali mbaya naye anahitaji mtu wa kumweleza, la sivyo mwaka hauishi ameacha kazi.

BintiUvira: Mzee shikamoo, hilo la garini nalibeba Jumatatu. Slaidi nazipunguza, tutaigiza mahojiano, MamaShukuru ukikubali uwe mama mkaidi. Nani ana udongo wa kuwaonyesha? Wengi wao hawajawahi kuuona.

MamaShukuru: Nakubali, na udongo ninao, wa duka la mtaani kwetu. Usiulize nilinunua wa nini.