Nipate wapi muda wa kumaliza Baldur's Gate 3 na mimi ni baba wa mtoto wa miezi 14?

MtuWaChanika (mleta uzi)
Wakuu, habari za usiku. Naomba ushauri, na wa kunisema aniseme kwa ustaarabu.

Nina miaka 31, nimeoa, tuna binti wa miezi 14. Naishi Chanika, kazi yangu ipo Posta. Anayeijua njia hiyo hahitaji maelezo. Natoka nyumbani saa 11 alfajiri, narudi saa 2 usiku nikiwahi. Nikifika, mtoto anataka kubebwa, ndoo zinataka kujazwa, na mke wangu ana maneno ya siku nzima ambayo hakuwa na wa kumwambia.

Shida yangu ni gemu. Siyo la mpira. La mpira ni dakika chache, ukifungwa unaweka padi chini unalala. Mimi napenda haya ya hadithi ndefu, RPG, ambayo unakuwa mtu mwingine, na neno ulilomjibu mtu leo linakurudia wiki tatu baadaye. Sasa hivi nipo kwenye Baldur's Gate 3, nacheza kwa mashine ya PS4 niliyonunua mtumba Kariakoo. Nimefikisha saa 38 na bado nipo sura ya kwanza kati ya tatu. Mwenye kupekua kila kona anavuka saa 100 bila wasiwasi.

Nikipata nusu saa kwa siku, saa 62 zilizobaki ni siku 124. Na nusu saa haitoshi kitu, ukikumbuka ulikuwa unaelekea wapi imeshaisha.

Wenye familia, ninyi mnapata wapi muda? Nawasilisha.

Kinyozi_Mstaafu
Miaka 31 una mtoto unauliza habari za gemu. Wenzako umri huo wanauliza bei ya kiwanja Chanika hiyo hiyo kabla haijapanda.

BabaWawili_Tanga
Mwacheni kijana, haya mambo hamyajui. Mimi nimekulia Ngamiani, kulikuwa na kibanda cha PlayStation ya kwanza, nusu saa shilingi 200. Mashine ilikuwa imechoka, tunaigeuza juu chini ndipo CD isome. Siku moja mwenye kibanda akapata Final Fantasy VII, ile ya 1997, CD tatu. Wenzangu wote wanataka mpira na ngumi, mimi nataka ile. Nilikuwa naenda na kamusi mfukoni. Neno "reactor" nimelijua pale kabla mwalimu wa fizikia hajalitaja.

Basi nimecheza miezi miwili, nusu saa nusu saa, nimefika CD ya pili. Memory card, ile ya kuhifadhia ulipofikia, ina vyumba 15 tu na ni ya kibanda kizima. Nikaja Jumamosi moja nakuta mtu ameandika ligi yake juu ya kazi yangu. Nilitoka nje nikakaa kwenye gogo la mwembe mpaka magharibi. Nina miaka 42 sasa, CD ya tatu sijawahi kuiona.

DadaMkweli
Pole kaka wa Tanga. Turudi kwa mleta uzi. Unatoka saa 11 alfajiri unarudi saa 2 usiku, halafu unasema huna muda. Hizo saa 38 ulizokwisha kucheza umezitoa wapi?

MtuWaChanika
Dada, ni hivi hivi tu, wikiendi na usiku usiku.

DadaMkweli
Usiku upi? Mtoto wa miezi 14 analala wapi, na runinga ipo wapi? Mama yake anasemaje akikuona umeshika padi?

Mpwa_wa_Pugu
Dada ameuliza swali la polisi 😂 Naweka kambi hapa.

MtuWaChanika
Sawa, niseme. Runinga ya nyumbani ipo sebuleni na sichezei nyumbani.

Nimepanga chumba Buguruni, 50,000 kwa mwezi, nimelipa miezi sita. Jumanne na Alhamisi nikitoka kazini saa 11 jioni napitia pale, nacheza mpaka saa 2 na nusu hivi, ndipo napanda gari la Chanika. Nyumbani wanajua ni ovataimu.

Kabla hamjaanza, nisikilizeni. Jioni ile foleni ya kutoka mjini mnaijua. Muda huo ningeutumia nimesimama kwenye daladala, kwapa la mtu lipo usoni. Natoka pale barabara imeshalegea. Kwa hiyo nyumbani nawanyima labda saa moja na nusu, mara mbili kwa wiki. Sinywi, sina mwanamke. Chumbani kuna godoro la futi tatu na nusu, feni, runinga ndogo juu ya ndoo iliyogeuzwa, na kanga ya zamani dirishani ili mwanga usipige kwenye kioo. Hakuna kingine.

Kinyozi_Mstaafu
Chumba Buguruni, siku mbili kwa wiki, kanga dirishani. Jina la hilo "gemu" ni nani?

Mama_Wawili_Mbeya
Mwanaume hapangi chumba kwa ajili ya runinga. Wangu alisema anasoma masomo ya jioni, cheti mpaka leo sijakiona ila nimemwona mtoto.

MtuWaChanika
Hakuna mwanamke, naapa. Wiki iliyopita nilikuwa kwenye kambi ya magoblini, napigana na yule kiongozi wao mkubwa, Dror Ragzlin. Pambano ni la zamu, wewe ukimaliza anacheza yeye, hakuna anayekukimbiza. Nimemweka mchawi wangu juu ya boriti, mwingine nyuma ya nguzo, nawaza cha kufanya dakika nzima na goblini wote wamesimama wananingoja. Mimi siku nzima sipati sehemu nyingine duniani ambayo watu wananingoja nifikirie. Ofisini bosi anataka jibu kabla hajamaliza swali. Simu ikaita. Mke wangu akamwekea mtoto sikioni, akasema "baba." Nikajibu "nipo kazini mama," na huku naangalia upanga wa Lae'zel, mpiganaji wangu.

Ndiyo maana nimeleta uzi. Siombi kuambiwa niache.

Kipanga_Mweusi
Nimesoma mpaka hapa nimenyamaza, sasa naongea. Wakuu, mnakunywa chai. Baldur's Gate 3 HAIPO kwenye PS4. Ilitoka kompyuta Agosti 2023, Septemba mwaka huo ikaja PS5, Xbox Series ikafuata Desemba. Kwa PS4 haijawahi kutolewa. Huyu amesoma maelezo mahali akaja kututungia. Labda hata mke hana.

Mpwa_wa_Pugu
😂😂 Chai ya tangawizi kabisa. Chanika, Buguruni, kanga, kumbe yote hewa.

Kinyozi_Mstaafu
Nilijua. Ile kanga ilikuwa imewekwa vizuri mno.

Mama_Wawili_Mbeya
Na mimi nimeshamwaga siri za ndoa yangu hapa.

BabaWawili_Tanga
Mimi naamini anacheza. Habari ya boriti pale kwa Ragzlin ni kweli, na mimi niliwapandisha watu juu ya zile boriti. Ila PS4 hapana, hapo Kipanga yupo sahihi. Mleta uzi, njoo usafishe jina lako.

Kipanga_Mweusi
Saa nne zimepita. Haji. Admin funga uzi.

MtuWaChanika
Nilikuwa njiani, simu ilizima.

Ni PS5. Niliandika PS4 kwa sababu nilijua nikisema PS5 mtaacha kujibu swali mtaanza kuuliza bei. Ni ya mkono wa pili, 1,200,000 na padi mbili. Kila kingine nilichoandika ni cha kweli. Mke ninaye, mtoto ninaye, na kanga ni ya mama yangu.

DadaMkweli
Sasa nauliza bei. Chumba 50,000 mara sita ni 300,000. Mashine 1,200,000. Jumla 1,500,000 kamili, haikuzidi wala haikupungua. Kaka, hela ya mshahara haijifungi vizuri namna hiyo. Hiyo 1,500,000 ilitoka wapi?

MtuWaChanika
Dada, hii ni hesabu au ni nini.

DadaMkweli
Ni hesabu.

MtuWaChanika
Mke wangu anacheza mchezo na wenzake, wapo kumi, kila mwezi mtu anatoa 150,000. Mwezi wa nne ilikuwa zamu yake. Alinipa niweke benki kwa jina langu, anunue friza auze samaki na barafu pale nyumbani. Nikamwambia tusubiri bei ishuke. Bei nilikuwa nimeambiwa kweli itashuka, hilo sikudanganya. Halafu nikaona ile mashine.

Nilipanga kurudisha 250,000 kila mwezi, kwa miezi sita inakuwa imerudi yote. Mwezi wa kwanza nilirudisha. Wa pili mtoto aliumwa.

Mpwa_wa_Pugu
Yaani hela ya mchezo imeingia kwenye mchezo. Kiswahili hiki 😂

Kinyozi_Mstaafu
Hapo hata mimi sicheki tena. Ile ni amana, mzee. Ungekunywa mshahara wako wote ningekutetea. Hela ya mchezo ina wanawake tisa nyuma yake, na mkeo bado anatoa 150,000 kila mwezi kulipia zamu za wenzake. Analipa deni la friza ambayo hana.

Mama_Wawili_Mbeya
Tena anatoa wapi hiyo 150,000 kila mwezi, kama biashara yenyewe haijaanza? Mwulize. Mimi nilikuwa nauza vitenge vyangu vya harusi kimoja kimoja, hakuna aliyeniuliza.

MtuWaChanika
Anashona. Mashine ni ya dada yake, anashona usiku.

Hilo sikuwa nimeliweka pamoja. Nilikuwa naona ni shughuli zake.

Mpemba_Maskati
Salama jamani. Mimi nipo Maskati, nafanya kazi hotelini, nimeacha mke na watoto watatu Wete. Nina muda wa kucheza kuliko nyote hapa. Nikitoka zamu saa nane za usiku hakuna anayenililia, hakuna maji ya kuteka. Nimemaliza The Witcher 3 na nyongeza zake mbili, Skyrim, Persona 5, zote nimezimaliza. Kuna kazi moja katika Witcher, ya yule baroni anayetafuta mkewe na binti yake. Nilipofika pale nilizima nikapiga simu nyumbani, wote wamelala. Ndugu yangu, wewe unaita nusu saa kuwa ni ndogo. Mwanangu wa mwisho namjua kwa video.

BabaWawili_Tanga
Mpemba umenigusa. Mungu akurudishe salama.

Mleta uzi, la fedha wenzangu wamesema. Mimi nijibu ulilouliza maana hakuna aliyelijibu. Saa 38 sura ya kwanza ni kwa sababu unaokota kila kiazi. Najua, kulala kambini kunakula chakula cha pointi 40 na unaogopa kuishiwa. Hutaishiwa. Acha masanduku. Shusha ugumu, hakuna anayekuona. Hili gemu linaseva hata katikati ya pambano, na PS5 ukiiacha kwenye usingizi unaamka pale pale ulipoishia. Kwa hiyo nusu saa inatosha ukiwa na daftari. Mimi nina daftari la kuhesabia, naandika mstari mmoja kabla ya kulala: "nipo mlangoni kwa druidi, nataka kumtoa Halsin." Nacheza Jumamosi na Jumapili saa 11 alfajiri mpaka saa 1, nyumba imelala. Mke wangu akiamka ananikuta sebuleni, ananiuliza yule mwanamke mwenye pembe moyo wake umepona? Namwambia bado, tunatafuta chuma.

Kucheza sebuleni ndiko kumenipa muda. Sijifichi, basi sihesabu dakika.

DadaMkweli
Chumba kimebaki miezi mingapi?

MtuWaChanika
Minne. Mwenye nyumba amesema akipata mpangaji atanirudishia ya miezi mitatu.

DadaMkweli
Kwa hiyo umeshamwuliza.

MtuWaChanika
Jana.

Kipanga_Mweusi
Mkuu, nilikuita mwongo, kwenye PS4 ulikuwa mwongo ila mengine nakuomba radhi. Mashine kwa hali nzuri na padi mbili haikosi 1,100,000, mnunuzi nakutafutia. Ila usiuze kabla hujafanya kitu kimoja. Seva za PS5, yaani kazi uliyohifadhi, haziendi kwenye flashi kama zile za PS4. Fungua akaunti ya Larian, wale waliolitengeneza, ndani ya gemu, washa cross-save. Siku ukipata kompyuta, hata baada ya miaka mitatu, unaendelea na watu wako wale wale.

Kinyozi_Mstaafu
Kwanza mkewe, mashine baadaye. Asimpelekee hela bila maneno, atadhani imetoka kwa huyo wa Buguruni.

MtuWaChanika
Nipo kwenye gari, tumepita Gongo la Mboto. Mashine nimeibeba kwenye begi, nimeiviringisha kwa ile kanga. Nimempigia kumwambia leo hakuna ovataimu, na nina jambo la kumwambia mtoto akilala. Akaniuliza ni baya? Nikasema ni la friza. Akanyamaza, halafu akasema atapika ugali.

Kipanga, cross-save niliiwasha Jumapili.