"Kwani huyu kasa ni shemeji yako?" Ndivyo alivyonijibu yule mwongozaji wa kisiwani

Ndugu wanajukwaa, nimeshuka kwenye mashua asubuhi hii na hasira yangu haijashuka nami. Yule bwana mnamjua nyote. Kila aliyewahi kuvuka kwenda hifadhini kutazama kasa amepita mikononi mwake, na sauti yake peke yake inatosha kuwahamisha samaki wa bahari nzima.

Tulikaa gizani kimya hadi kasa mkubwa wa kijani akapanda ufukweni, akijikokota, akipumzika, akijikokota tena. Hajachimba shimo, hajataga hata yai moja, bwana yule akamwashia tochi nyeupe usoni ili mgeni wake apate picha. Kasa akageuka, akarudi baharini. Nilipomwomba azime tochi, aliniuliza mbele ya watu wote: "Dada, kwani huyu kasa ni shemeji yako?"

Shemeji! Kasa wa kijani mara nyingi huchukua miaka 25 au zaidi kabla ya kuanza kutaga, na akishafika hapo, mtu aliyekabidhiwa kumlinda anammulika kama mwizi wa kuku. Anayefanya kazi hiyo anapaswa kujua kwamba kasa hushtuka zaidi anapopanda na anapochimba, kwa hiyo wageni hukaa mbali hadi aanze kutaga, ndipo husogea kwa nyuma wakitumia mwanga hafifu mwekundu usiofika machoni pake. Badala ya kunieleza hayo, ananiuliza habari za shemeji. Na watu wakacheka! Kasa amekwenda na mayai yake, pengine 100 na zaidi, wao wanacheka shemeji. Sijalala hadi sasa.

Mlinda Mwamba: Pole sana, dada. Ni huyo huyo aliyetuambia kwamba vifaranga wa kasa hukimbilia taa za hoteli kwa sababu wanapenda mjini. Vifaranga hufuata upeo ulio na mwanga zaidi, ambao kwa kawaida ni wa baharini, na taa za nchi kavu huwapoteza hadi wakafa kwa jua.

Bin Ngalawa: Pole, lakini swali hukulijibu. Ni shemeji au si shemeji?

Mwenye uzi: Bin Ngalawa, mimi sitanii. Amemfukuza kasa kisha akanitukana.

Mpiga Mbizi: Kasa huyo angalau anaweza kurudi usiku mwingine. Sisi mashua zetu zilimzingira pomboo na mtoto wake, nahodha akawaamuru wageni waruke majini juu yao, huku akisema kwamba wanacheza nasi. Walikuwa wakikimbia!

Bint Mawimbi: Na viti vya pweza, wale viumbe wa baharini wenye umbo la nyota, je? Kila safari wanatolewa majini na kupangwa mchangani kwa ajili ya picha, ilhali viumbe hao hupata hewa yao kutoka katika maji. Kwenye kisiwa cha Chumbe, ambako miamba imehifadhiwa tangu 1994, waliokuwa wavuvi walifundishwa kuwa walinzi. Kwa hiyo asituambie mtu kwamba watu wa pwani hawafundishiki.

Bin Ngalawa: Hao wa pomboo ni mashemeji wa nani?

Mpiga Mbizi: Wewe nyamaza. Nasema pomboo ndio wanaoteseka kuliko wote.

Mzee wa Kusi: Hapana, ni papa potwe. Pomboo ana mbio, lakini potwe huogelea taratibu karibu na uso wa maji, na pangaboi za mashua humchana mgongo. Nimeona makovu yake kwa macho yangu.

Bint Mawimbi: Mzee, hao potwe wa kisiwa cha Mafia huonekana zaidi miezi gani?

Mzee wa Kusi: Oktoba hadi Machi, mwanangu. Na nahodha akitaka kumkatisha potwe kwa mbele, mwambie akurudishe pwani.