Luxor 2027: lenzi ya 400 au darubini ya haidrojeni-alfa?

MtotoWaUmoja:
Wadau, nimeanza kuchanga nauli ya Luxor kule Misri, kupatwa kwa jua Agosti 2, 2027. Giza la dakika sita na ushei! Pesa inatosha kitu kimoja tu: lenzi ya milimita 400, au darubini ndogo ya haidrojeni-alfa (ile ya kutazamia jua kwa rangi nyekundu moja). Nataka korona, ule mwanga mweupe unaolizunguka jua lililofunikwa, na zile ndimi nyekundu za moto pembeni mwa jua. Nichukue ipi?

Fundi_Lenzi:
Lenzi, ndugu yangu. Hiyo nyingine inapitisha wekundu mmoja tu, nanomita 656.3, kwa hiyo korona hutaipata. Ndimi za moto nazo utaziona nayo siku yoyote ya jua ukiwa juu ya paa hapo Umoja, Nairobi, Misri ya nini? (Si Julai hii lakini, mnajua mawingu yetu.) Anza na tundu la lenzi f/8, wepesi wa kunasa mwanga ISO 200: ndimi kama sekunde 1/1000, korona ya nje mpaka sekunde nzima. Picha moja haishiki vyote, piga nyingi.

BibiWaNgong:
Na msisahau jua linatembea. Kila dakika mbili linasogea upana wake mzima. Kwa lenzi ya 400 picha yake ndani ya kamera ni kama milimita 3.7 tu, lakini dakika sita zikiisha limesogea milimita 11. Usiliweke katikati, liweke upande linakotokea. Fanya mazoezi na mwezi mpevu, ukubwa ni karibu uleule.

BabaZawadi:
Mimi nilikuwa Turkana Novemba 3, 2013. Giza lenyewe sekunde chache tu. Nikainama nahangaika na fokasi, kuinua kichwa, kumekucha! Picha nilizorudi nazo Nairobi ni nyeusi tii, mke wangu hunicheka mpaka leo. Ungeniuliza mimi, binokula ya 10x42 (inakuza mara kumi) basi. Ila ni wakati wa giza kamili pekee. Mwanga wa kwanza ukichomoza, toa macho mara moja.

MtotoWaUmoja:
Haya, lenzi, na binokula ya shemeji nitaazima. Kichujio nitumie ND, kile kioo cheusi cha kupunguza mwanga nilicho nacho cha video?

Fundi_Lenzi:
Thubutu! Tafuta karatasi maalum ya jua, yenye kipimo cha giza 5.0, ile inayopitisha sehemu moja tu kwa laki. Inakaa mbele ya lenzi, si nyuma. Giza likiingia itoe, na kabla ya kuisha irudishe. Katikati hapo kamera iwe inapiga yenyewe, wewe uko kwa binokula ya shemeji.