Naomba ushauri: kufunga giaboksi ya Datsun 240Z nyumbani

Wadau, hamjambo. Niko Nakuru, nina Datsun 240Z, ndugu wa zile zilizoshinda Safari Rally 1971 na 1973. Kuiona ikikaa juu ya mawe kunaniuma sana. Niliishusha giaboksi, ya gia tano, kwa sababu gia ya pili ilikuwa inakwaruza kila nikirudi kutoka ya tatu. Sasa iko mezani, imeoshwa, beringi mpya ninazo.

Kazi imekwama kwenye fimbo za kuchagua gia. Kila fimbo ina gololi yake na springi, halafu kati ya fimbo na fimbo kuna gololi za kuzuia gia mbili zisiingie pamoja. Hizo za katikati ndizo zinanisumbua: nikisukuma fimbo ya pili, gololi inadondoka ndani kabla fimbo haijaifikia. Nazibandika kwa grisi nzito, bado. Mliowahi kufunga, mnazishikiliaje? Mnaanza na fimbo gani?

Ringi za sinkro pia, zile za kulinganisha mwendo wa gia kabla haijaingia. Nikiikandamiza ya gia ya pili kwenye koni yake, fila geji (kibati chembamba cha kupimia nafasi) ya 0.7 mm inapita kwa shida kati ya ringi na gia. Nafasi ya gia ya tatu inazidi 1 mm. Nibadilishe hiyo moja au zote?

Oili ya giaboksi nataka ya daraja la GL-4, kwa kuwa baadhi ya GL-5 huweza kula shaba ya sinkro, lakini madukani huku napewa GL-5 tu. Anayejua inakouzwa, Nakuru, Kisumu au hata Eldoret, tafadhali anielekeze.