Je, tofauti ya DNA peke yake inatosha kugawa jeboa mmoja kuwa spishi mbili?

Mwalimu_Lodwar ameuliza:

Habari zenu wanajukwaa. Ninafundisha baiolojia katika shule ya sekondari, na wanafunzi wangu wameniuliza swali ambalo nisingependa kulijibu kwa kubahatisha. Jeboa mdogo, yule panya wa jangwani mwenye miguu mirefu ya nyuma ambaye hutembea kwa kurukaruka, alipewa jina la kisayansi na Linnaeus, mwanasayansi wa Uswidi, mwaka 1758, na leo anajulikana kama *Jaculus jaculus*. Kwa muda mrefu jeboa wadogo wa Sahara walihesabiwa kuwa spishi hiyo moja, lakini tafiti za vinasaba zilizochapishwa mwaka 2012 zilionyesha kwamba ndani yake mmejificha spishi mbili, na ya pili sasa huitwa *Jaculus hirtipes*. Ikiwa wanafanana kiasi hicho, tunajuaje kwamba si spishi moja yenye rangi mbalimbali? Je, kuna kiwango cha tofauti ya DNA ambacho kikishafikiwa spishi huhesabiwa kuwa zimekuwa mbili?

Maabara_Moro amejibu:

Shikamoo Mwalimu. Kiwango cha namna hiyo hakipo, ingawa wako waliojaribu kukikadiria. Jeni inayotumika sana kwa panya ni saitokromu b, yenye besi (yaani herufi za DNA) 1,140, ambayo husomwa kutoka katika kipande kidogo cha sikio kilichohifadhiwa ndani ya ethanoli. Mwaka 2001 watafiti Bradley na Baker walipendekeza kwamba tofauti iliyo chini ya asilimia 2 kwa kawaida ni ya ndani ya spishi moja, iliyo juu ya asilimia 11 huashiria spishi tofauti, na iliyo katikati inahitaji uchunguzi zaidi. Jeboa hawa wawili hutofautiana kwa takriban asilimia 10, yaani wamo katika eneo lile lile ambalo namba haitoi hukumu.

Zaidi ya hayo, saitokromu b imo katika DNA ya mitokondria (sehemu za seli zinazozalisha nishati), DNA ambayo mtoto huirithi kwa mama peke yake. Koo mbili za kike zinaweza kutengana kwa mamilioni ya miaka huku madume yakiendelea kuchanganya jeni nyingine zote, na mtafiti anayetazama mitokondria tu hatalitambua jambo hilo. Kuna pia nakala za zamani za jeni za mitokondria zilizohamia ndani ya kiini cha seli, na zikisomwa kwa makosa zinaweza kuzua spishi ambayo haipo.

Kilichonishawishi mimi ni ushahidi mwingine. Jeni za ndani ya kiini zilipochunguzwa, hasa katika utafiti uliochapishwa mwaka 2020, zilionyesha mgawanyiko ule ule, na jeni zinazovuka kutoka upande mmoja hadi mwingine zilikuwa chache sana, ilhali wanyama hawa huishi katika maeneo yale yale. Panya waliotenganishwa na mlima au mto hukosa kuzaliana kwa sababu tu hawakutani, lakini hawa wanakutana na bado kila upande unabaki na jeni zake. Hapo ndipo neno spishi linapopata uzito.

Nyikani_Marsabit amejibu:

Ningependa kuongeza suala la makazi, kwa sababu wanafunzi watalielewa haraka. *J. jaculus* hupatikana zaidi kwenye mchanga, na *J. hirtipes* zaidi kwenye ardhi ya mawe. Rangi ya manyoya hufuata rangi ya ardhi, kwa kuwa panya anayeonekana huliwa na bundi au mbweha, na ndiyo maana rangi peke yake ni shahidi dhaifu. Mwaka 2016 watafiti waliochunguza jeboa wa Israeli na Sinai walionyesha kwamba viungo vya uzazi vya madume vinatofautiana waziwazi. DNA iliwaelekeza pa kutazama, na walipotazama wakakuta kwamba wanyama hawa hawakuwa wamejificha sana.

Mwalimu_Lodwar ameandika:

Nawashukuru sana. Je, kuna panya ambao hata baada ya kuchunguzwa hivyo hakuna alama ya nje inayosaidia?

Maabara_Moro amejibu:

Wapo, Mwalimu, na mfano ninaoupenda ni jenasi *Taterillus* ya Saheli, ambako hata vipimo vya fuvu huacha shaka lakini kromosomu hutoa jibu. *T. gracilis* ana kromosomu 36 kwa jike na 37 kwa dume, *T. pygargus* ana 22 na 23, na *T. tranieri*, aliyetambulishwa mwaka 2003, ana 14 na 15. Dume huzidi kwa moja kwa sababu kromosomu ya X imeungana na kromosomu nyingine ya kawaida, na mwenzi wa kromosomu hiyo ya kawaida, ambaye hakuungana, hurithiwa kama Y ya pili. Kwa tofauti kubwa namna hii, chotara angepata shida kubwa kutengeneza mbegu za uzazi zilizo kamili.

Kwa darasa lako, mifuatano ya saitokromu b ya jeboa imewekwa katika hifadhidata ya GenBank, na kuipakua ni bure. Wagawie wanafunzi mifuatano michache bila majina, wahesabu besi zinazotofautiana kati ya kila jozi, kisha wakuambie ni makundi mangapi wanayoyaona.